Jembe la Aliyechelewa

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi hahitaji kuambiwa aende wapi. Fyekeo liko nyuma ya ofisi, jembe liko stoo, na nyasi hazijawahi kuisha. Aliyepiga kelele darasani atamwagilia maua. Aliyekuja na sare chafu atabeba ndoo za maji hadi kwenye miche iliyopandwa wiki ya mazingira. Kosa likiwa zito zaidi, kuna kisiki. Waliosoma shule hizo wanakijua: mzizi wake mkuu umeshuka kusikojulikana, nawe huondoki mpaka kitoke. Kengele ikilia, mtoto huyohuyo anaingia darasani na malengelenge viganjani, anafungua daftari la Jiografia na Mazingira, na kunakili kutoka ubaoni kwamba udongo ni rasilimali inayopaswa kutunzwa kwa manufaa ya vizazi vijavyo.

Hayo ni masomo mawili ya asubuhi moja, na yanapingana. La daftarini atalifanyia mtihani. La viganjani ndilo atakalozeeka nalo.

Sisemi haya kuwalaumu walimu. Mwalimu wa zamu mwenye watoto mia kadhaa wa kuwaweka sawa kabla ya kipindi cha kwanza hana njia nyingi. Kanuni za mwaka 2002 zilimwachia mwalimu mkuu mamlaka ya kuchapa, yeye au aliyemteua kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Walimu wengi wameona jembe lina ungwana kuliko fimbo, na kweli linao. Tena kazi inafanyika: uwanja unakuwa msafi, maua yananawiri. Wala kazi yenyewe si tatizo. Watoto wa wakulima hupalilia kabla hawajaanza shule, na sijasikia aliyevunjiwa heshima kwa kumsaidia mama yake shambani. Tatizo ni kwamba shule imeuweka udongo mahali pa aibu. Aliye mwema anakaa darasani, mkosefu anapelekwa kwenye majani, na wenzake wanamchungulia dirishani. Mtoto ana akili ya kutosha kuisoma ramani hiyo. Akiisoma kwa miaka saba, akafanikiwa, akapata ofisi yenye kiyoyozi, ukimwomba siku moja apande mti atatafuta mtu wa kumpandia.

Somo la namna hii liliwahi kufundishwa kwa watu wazima, na tunajua liliishaje. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maofisa kilimo wa serikali ya Kiingereza waliitazama milima ya Uluguru, inayouinamia mji wa Morogoro, wakaona miteremko mikali imelimwa na udongo unashuka kwa kila mvua. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Maji ya Uluguru ndiyo yanayoujaza mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam mpaka leo. Oktoba 2022 mto ulipopungua, wakazi wa jiji walipangiwa mgawo wa maji. Basi ukaanzishwa mpango wa kuokoa ardhi ya Uluguru, na kiini chake kikawa matuta ya ngazi. Watu walipangiwa siku za kuchimba, na aliyekwepa alitozwa faini.

Waluguru walichimba, kisha wakaona. Sehemu nyingi za milima ile zina tabaka jembamba la udongo wenye rutuba, na chini yake udongo usio na kitu. Ukikata ngazi, unaufukia ule mzuri na kuuleta juu ule mbaya, na mahindi hayachelewi kukuambia. Hebu fikiri: mtu anafanya kazi ngumu kwa amri, anapata mavuno haba kuliko jirani aliyekwepa, halafu anaambiwa ni kwa faida yake. Mwaka 1955 hasira ililipuka, fujo zikazuka milimani, na mpango ukafa. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Usambara nako matuta yalikataliwa. Kwa hiyo katika historia yetu kuna jambo la ajabu ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: palikuwa na wakati ambapo kukataa hifadhi ya udongo kulikuwa sehemu ya kudai uhuru.

Ninalikazia hili kwa sababu maofisa wale, juu ya mmomonyoko, walikuwa na hoja. Udongo ulikuwa unashuka kweli. Walichokosa ni kumuuliza mwenye shamba anaujuaje mlima wake, na kumpa nafasi ya kusema hapana kabla hajalazimika kuisema kwa mawe. Wapo leo wanaoamini kwamba, kwa kuwa sayansi ya tabianchi iko upande wetu, kilichobaki ni kuwaambia watoto wafanye nini, na wasipofanya tuwakazie. Uluguru inajibu kwamba mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu mlima, akawakosea wanaoishi juu yake, na udongo ukaendelea kushuka vilevile.

Mwalimu Nyerere, aliyeshika chaki kabla ya kushika nchi, alilielewa jambo hili. Andiko lake la Elimu ya Kujitegemea lilitoka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, na watu wanalikumbuka kwa shamba la shule. Masharti aliyoliwekea shamba hilo hayakumbukwi sana. Alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba, wajue hesabu zake, na waone wenyewe kwamba wakifanya kazi vizuri maisha yao ya shuleni yananufaika, na wakizembea wanapungukiwa. Mahindi yalikuwa na umuhimu wake, lakini zao lililotakiwa hasa lilikuwa vijana waliozoea kukaa pamoja, kupima jambo na kulikata.

Tuliyabakiza majembe, uamuzi tukauacha. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 watakusimulia wenyewe: walilima, wakavuna, magunia yakaingia stoo, na hesabu ya magunia hayo hawakuisikia tena. Nadhani hapo ndipo kazi ya udongo ilipopoteza heshima yake shuleni. Kazi ambayo anayeifanya hana sauti juu yake ni rahisi mno kuigeuza adhabu; imebaki kumtafuta mkosaji tu.

Kuna atakayeniuliza: je, mifuko ya plastiki? Pale serikali hazikubembeleza. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar ikiwa imetangulia zamani, na anayekutwa nayo faini yake inaanzia shilingi 30,000. Amri ile ilifanya kwa wiki chache kile ambacho mabango ya kutunza mazingira hayakukifanya kwa miaka. Naikubali hoja hiyo. Sina ugomvi na sheria. Lakini angalia sheria ile ilivyokaa. Ilimkuta mama wa genge na mwenye supamaketi, abiria wa basi na mtalii anayeshuka uwanja wa ndege. Mtoto aliyetumwa dukani na kikapu alimwona mama yake naye ana kikapu, na hakuna aliyepewa kikapu kwa sababu amechelewa namba. Amri inayomfunga kila mtu, mkubwa kabla ya mdogo, inafundisha. Na watu walipopata mwanya, vile vifungashio laini vilivyoruhusiwa kufungia bidhaa vikaanza kutumika kubebea nyanya na dagaa sokoni, mtoto alikuwa amesimama palepale anaangalia. Na hilo nalo alijifunza.

Ningepewa kipindi kimoja tu cha kufundisha, ningewapeleka wanafunzi jikoni. Shule nyingi za vijijini hupika uji na makande kwa kuni, na kuni hizo mara nyingi wanazileta watoto wenyewe, kila mmoja na kipande chake begani. Tuseme shule ina wanafunzi 600, kila mmoja analeta kipande kimoja kwa wiki, na mwaka wa masomo una wiki 38. Ni vipande 22,800. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha ya darasa la nne, na iko pale nyuma ya darasa inatoa moshi, wakati kitabu kinawauliza watoto bei ya machungwa ya mtu asiyekuwepo.

Ukishaipata hesabu hiyo, maswali yanakuja yenyewe. Kipande chako kimeokotwa au kimekatwa? Cha mti gani? Mama yako alipokuwa na umri wako, kuni aliziokotea wapi, na leo unatembea mpaka wapi? Nyumbani kwenu anayetumwa kuni ni kaka au dada? Hapo darasa hucheka kidogo, kisha hunyamaza, kwa sababu jibu linajulikana. Kwa nini mpishi anatokwa machozi siku kuni zikiwa mbichi? Joto la mafiga matatu linakwenda wapi, na jiko banifu linalizuiaje? Ndani ya saa moja umefundisha hesabu, sayansi, jiografia na uraia, na hujamtisha mtu kwa dubu wa barafu.

Halafu linakuja swali linalomfanya mwalimu ajikune kichwa: sasa shule yetu ifanye nini? Serikali imeshasema lake. Iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni maagizo mazuri. Lakini gesi inataka mtungi mkubwa, jiko lake, na fedha ya kujaza kila inapokwisha, na shule isiyo na fungu hilo inabaki na mafiga yake. Mimi nisingewaficha watoto jambo hili. Ningependa wakae kwenye kikao cha kamati ya shule, japo wawili tu kutoka darasa la sita, wasikie wazazi wakivutana juu ya michango: huyu anasema kuni ni za bure, yule anamjibu kwamba binti yake anapoteza nusu ya Jumamosi kuzitafuta. Wangetoka pale wakijua kwamba utunzaji una gharama, kwamba kuna anayeilipa hata pale isipoandikwa mahali, na kwamba wakubwa wao si wajinga wala waovu. Wana shida mbili na fedha ya kutatua moja.

Hapo pia ndipo panapohitajika uangalifu kuliko mahali pengine. Darasani Tandale, Dar es Salaam, yumo mtoto ambaye ada ya twisheni inatoka kwenye mkaa. Mama yake anaupima kwa kopo pembeni ya barabara. Mwalimu anaposimama na kusema wauza mkaa wanaimaliza misitu yetu, mtoto huyo hajifunzi ikolojia. Anajifunza kumwonea aibu mama yake, na hilo si somo ambalo shule ina haki ya kulifundisha. Mkaa ule una safari ndefu: kuna aliyekata, kuna aliyekesha na tanuru, kuna mwenye lori, kuna kizuizi cha ushuru, kuna mnunuzi wa ghorofani anayeupenda kwa ajili ya nyama choma, na kuna bei ya gesi inayomrudisha mpangaji kwenye jiko la mkaa kila mwisho wa mwezi. Mtoto akiyajua haya yote anaweza kumtetea mama yake na msitu pia. Nilichoona ni kwamba watu wengi wenye bidii ya mazingira huanza na mtu aliye karibu na dhaifu, kama vile jembe linavyoanza na aliyechelewa.

Nazo sherehe zetu. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, hema linasimikwa, viti vinapangwa, mgeni rasmi anachelewa. Risala inasomwa. Watoto wa darasa la sita wanatoa ngonjera, wa kwanza ni mkata miti, wa pili ni mti unaolia, na kila ubeti unaishia kwa kidole kilichoelekezwa juu. Mgeni rasmi anapanda mti wake kwenye shimo lililochimbwa jana, anapigwa picha, ananawishwa mikono. Magari yakiondoka, chini ya hema zimebaki chupa tupu za maji, na kesho yake aliyechelewa namba ana kazi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kalenda. Sehemu kubwa ya Tanzania, Juni masika yamekwisha na kiangazi kimeingia. Mche unaoupanda siku hiyo unauzika. Tarehe ile ni ya kufunguliwa kwa mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972, na katika kuipanga mvua zetu hazikualikwa. Tunayo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, ambayo inawafaa watu wa Pwani na Kilimanjaro. Lakini mtoto wa Dodoma, ambako mvua huanza karibu na Desemba na Aprili zinaaga, anapanda kwa heshima ya tarehe. Kumfundisha mtoto wa mkulima apande kwa tarehe ya bango, huku bibi yake nyumbani anaangalia mawingu, ni kumrudisha nyuma.

Mama mmoja wa Kenya alianzia kwenye sherehe kama hizo. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mitano ilikufa. Vuguvugu la Mkanda wa Kijani lilipokua baadaye, wanawake wa vijijini walilipwa senti chache kwa kila mche, lakini si wakati wa kupanda. Walilipwa mche ukionekana umeshika na kuendelea kuishi. Naona katika utaratibu huo mdogo hekima kubwa kuliko hotuba nyingi alizotoa hata baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Anayelipwa kwa kupanda anafikiria shimo. Anayelipwa kwa kupona anafikiria mbuzi wa jirani, uzio wa miba, jivu la kufukuzia mchwa, kivuli cha wiki za kwanza, na maji ya jioni badala ya mchana. Mabwana misitu walikuwa wamewaletea wanawake wale maelezo ya kitaalamu yaliyowachanganya. Maathai akawaambia watumie akili waliyoitumia siku zote kuotesha maharage na mahindi. Miti iliyopandwa ikafika makumi ya mamilioni.

Ripoti za shule zetu zina safu ya miti iliyopandwa. Safu ya iliyo hai sijaiona, na naelewa kwa nini: idadi yake hutia haya. Lakini hiyo ndiyo safu ya kufundishia, hasa ikiwa ndogo.

Kuna jambo lingine tunalolitupa kirahisi, nalo ni maarifa yaliyokwisha kukaa nyumbani kwa mtoto. Shinyanga, enzi za ukoloni, misitu ilifyekwa kwa wingi ili kumwondoa mbung'o. Ikafuata pamba, ng'ombe wakaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa kwenye vijiji, mbali na maeneo yao ya zamani. Nchi ikabaki uwazi wa vumbi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichouinua mradi huo hakikutoka mbali. Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti vipumue, kisha linafunguliwa kiangazi kikikaza. Familia zilikuwa na zao, kijiji kilikuwa na yake, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza la jadi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa zilizidi hekta 300,000. Miti ilirudi kwa sababu visiki vilikuwa bado hai chini ya vumbi. (Vile vile tunavyowang'olesha watoto wenye makosa.)

Sitaki kumfanya babu malaika. Babu huyohuyo ndiye aliyeshika shoka la kufyeka mbung'o, na si kila cha zamani kilikuwa hifadhi. Ila mwanafunzi wa Maswa aliyeandika kwenye daftari maana ya uendelevu, akashindwa kujua kwamba ngitili ya ukoo wake ndiyo maana yenyewe, amenyimwa kitu. Kazi ya nyumbani ya wiki moja, kuwauliza wazee walifunga wapi, nani alikataa, na aliyekataa alifanywa nini, ingempa mwalimu vipindi vya mwezi mzima. Humo angekuta hata ugomvi. Ngitili zina ugomvi wake: mwenye ng'ombe wengi na asiye nao hawaioni kwa jicho moja.

Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, kimefanya kitu rahisi zaidi. Tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiwaleta wanafunzi wa Unguja kwa mashua, wanapewa miwani na mpira wa kupumulia, wanaingia majini kuyaona matumbawe. Wamo kati yao watoto wa wavuvi. Wamekula samaki wa mwambani maisha yao yote bila kuuona mwamba kutoka ndani, na wasichana wengine hata kuogelea hawakuwahi kufundishwa. Baada ya hapo mwalimu hana haja ya kusema sana kuhusu nanga inayotupwa juu ya matumbawe au juya linalokokotwa chini. Hakuna aliyepelekwa Chumbe kwa kosa.

Hata Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, mtandao wake wa vijana wa Roots & Shoots haukuanza na mtaala. Ulianza mwaka 1991 Dar es Salaam, kwenye baraza la nyumba yake, na wanafunzi 12 waliokuja na yaliyokuwa yanawasumbua, ikiwemo baruti zinazolipuliwa baharini kuua samaki. Walikuja wanauliza kwa nini wakubwa wanaachia. Swali hilo likiruhusiwa, somo limeanza. Likizimwa kwa kuwa ni utovu wa adabu, linabaki la kunakili.

Nimeulizwa kama nataka adhabu ya kazi ifutwe kabisa. Sijui kama shule zetu ziko tayari, na waraka mwingine kutoka juu ungekuwa kichekesho baada ya yote niliyosema kuhusu Uluguru. Ningeridhika na badiliko moja: bustani na miche viondolewe kwenye orodha ya adhabu, vipewe watoto wanaovitaka, wenye daftari lao la hesabu na haki ya kuamua mchicha ukivunwa uende wapi. Aliyechelewa afute ubao au apange viti. Haitapita mwaka, nadhani, kabla ya bustani kuwa na watoto wanaogombea zamu. Na kugombea zamu nako kuna matatizo yake, ambayo mwalimu yeyote angefurahi kuyapata.

Limebaki suala la Juni, na hili halina jibu jepesi. Shule zinafungwa mwanzoni mwa mwezi huo, kiangazi kinaanza, na miche ya Aprili haijashika vizuri. Uzio haupo. Mlinzi, kama yupo, hakuajiriwa kumwagilia. Kuna shule zinazowapangia zamu watoto wanaokaa jirani. Kuna zinazompa kila mtoto mche akaupande kwao. Kuna zinazotoboa zile chupa za maji za mgeni rasmi na kuzifukia shingo chini kando ya mche, zidondoshe maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Njia hizi zote zinafaa kiasi, na zote zinategemea mtoto aliye likizoni, asiye na mwalimu wa zamu wala kengele, aondoke kwenye mpira wake saa kumi na moja jioni akajaze chupa. Hapo ndipo jembe la adhabu lisipofika kabisa. Julai shule zikifunguliwa, kabla ya ukaguzi wa sare na madaftari, ningependa mwalimu mkuu azunguke na watoto wahesabu miche iliyo hai, idadi iandikwe ubaoni hata kama ni miwili, kisha waachiwe kipindi kizima wabishane kwa nini ile mingine imekufa, na kama wachimbe mashimo kwa mvua za Novemba mwaka huu au wasubiri Aprili.